Mstari Mweupe wa Wekulo

Kila mtu wa laini ya chini, ile safu ya nyumba za reli pale Makongeni, alijua kwamba masika hayakuwa na ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu kabla Wekulo hajasema. Wekulo alikuwa nyapara wa genge la reli, mtu wa kifua kipana na maneno mapana zaidi. Mwaka wa sitini na moja, maji ya mto yalipoingia nyumba hizo, alichukua kamba na pima maji, akapima kutoka kizingiti cha mlango wake mpaka kwenye nguzo ya daraja la reli, akapiga mstari mweupe juu tu ya bolti kubwa. Maji yakifika hapa, alisema, ujue yako mlangoni. Yakiwa chini ya hapa, lala usingizi.

Na watu walilala. Miaka kumi na minane walilala. Kila Aprili Wekulo alishuka mtoni na mkebe wa rangi, akaupaka mstari wake upya, kisha akarudi akitembea polepole ili apate kuulizwa. Akiulizwa, alijibu kwamba mto bado ni mtoto. Basi mitaro ikabaki imeziba kwa maganda ya ndizi, na magodoro yakabaki sakafuni.

Mwaka huo wa kumi na nane alikuwa na furaha ya kumtoa mtu akili. Lydiah, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Jumamosi na Bedan, kijana karani wa Ziwani. Majirani walikuwa wamechanga mpaka wakashangaa wenyewe: magunia manne ya mchele, mawili ya unga, sukari, madebe ya mafuta ya kupikia. Vyote vilirundikwa sakafuni kwa Wekulo, pamoja na sanduku lenye gauni la bibi harusi, maana ni wapi pa salama kuliko nyumbani kwa mwenye mstari? Vikiharibika hivyo, hapakuwa na vingine, na wakwe wangekuja kula upepo.

Ijumaa asubuhi Batulo alibisha hodi. Huyu alikuwa mama wa nyumba ya pili, mke wa Salad mlinzi wa ghala, na alikuwa mzaliwa wa Garissa, kando ya Mto Tana. Alimwambia Wekulo kwamba mto umebadilika harufu, unanuka udongo mwekundu na majani ya shambani, na kwamba vitu vya harusi vipandishwe juu ya tuta la reli kabla ya adhuhuri.

Wekulo alimtolea kiti, akamtolea chai, akamtolea na methali. Dalili ya mvua ni mawingu, alisema, na mawingu yako wapi? Kweli, jua lilikuwa linawaka hata nguo zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Alikuwa ametoka mtoni saa hiyo hiyo, na maji yalikuwa mkono mzima chini ya mstari. Mke wake alimtazama Batulo, kisha akayatazama magunia kwa ile namna ambayo Wekulo hakuipenda.

"Baba Lydiah," Batulo akasema, "kwetu Tana hufurika na sisi tunakufa kiu. Mto haujai kwa mvua ya kwako. Hujaa kwa mvua ya wenzako huko juu. Twende ukanionyeshe huo mstari."

Wekulo alikubali kwa sababu hakuwahi kukataa mtu aliyeomba kuonyeshwa mstari. Walishuka pamoja hadi darajani. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba mabua ya mahindi, na hapo karibu hapakuwa na shamba la mahindi hata moja. Kule upande wa Ngong anga lilikuwa jeusi tititi. Lakini mstari ulikuwa juu, mweupe, unang'aa, na Wekulo akaunyooshea kidole kama baba anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani.

Batulo aliuangalia sana. Akauliza mbona chini yake nguzo ina madoa meupe mengi, moja juu ya jingine, kama ngazi. Wekulo akacheka. Alimweleza kwamba kila masika matope ya mto huurukia mstari, na rangi haishiki juu ya uchafu, kwa hiyo kila mwaka yeye huupaka juu kidogo, penye saruji safi. Vidole viwili tu, si zaidi.

"Na ule wa kwanza uliupiga wapi?"

Wekulo alinyoosha mkono kuonyesha ile bolti kubwa, na mkono ukamgandia hewani. Bolti ilikuwa huko chini kabisa, na maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kuilamba. Vidole viwili, mara miaka kumi na minane. Usafi wake mwenyewe ndio uliokuwa umeupandisha mstari, mwaka baada ya mwaka, na nyumba zikabaki pale pale. Akilini alimwona Lydiah wake akitoka kanisani kuwalaki wageni kwa sufuria tupu, na akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipanda mbio, mzee wa miaka hamsini na tatu, kofia mkononi. Watu walipomwona walimuuliza, kwa mazoea, mto unasemaje. Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Mstari ni wa uongo," akasema kwa sauti ya kusikika laini nzima, "na mwongo ni mimi. Toeni vitu."

Kwanza walidhani ni mzaha wa harusi. Lakini mke wake alikuwa ameshalifunga gunia la kwanza kamba, kumbe hakumngoja. Ndipo Wekulo alipofanya lile alilolijua kuliko watu wote: aliwapanga kama genge, wanaume kwa wanawake, kutoka mlangoni mpaka juu ya tuta, akaanza kuita ule wito wa kuinua reli. "Haraaambee!" Wakaitikia, "Hee!" Gunia likapanda. Magodoro yakapanda, cherehani, kuku, nyanya mmoja na kiti chake. Kufikia saa nane watu walikuwa wanacheka na kuimba, na hakuna aliyekumbuka kuogopa.

Saa kumi mto uliingia bila hodi, chini ya jua kali, ukajaa ndani ya nyumba hadi magotini. Haukupata cha kuchukua, au ndivyo walivyodhani.

Kesho yake maji yalikuwa yamerudi kwao, na harusi ilifanywa kwenye ukumbi wa upande wa juu. Wali ulitosha, ukabaki. Bwana Wekulo alimsindikiza binti yake akiwa na suti, tai, na miguu mitupu: katika kuokoa vya wote alikuwa amesahau viatu vyake vipya uvunguni, na mto ukavipenda. Lydiah alipoona, alivua vyake vyeupe akampa mama yake, wakaingia baba na binti pekupeku huku vigelegele vikipasua paa. Wekulo alilia, na hakujificha.

Watu wakiwa katika kula, mzee mmoja wa upande wa Bedan alimwinamia. Alikuwa amesikia kwamba mwenyeji wake ni bingwa wa mambo ya mto, akataka kujua kama kesho kutakuwa salama.

Wekulo alijifuta mikono, akageuka kutafuta mtu kwenye meza ya akina mama.

"Hebu ngoja," akasema, "tumuulize Batulo."