Filimbi Ilipolia

Katika kikosi cha uokoaji walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa muuguzi, tena mwembamba kiasi cha kupenya mahali ambapo wenzake waliingiza mkono tu. Ndiyo maana asubuhi ile, katika nchi ya watu, mbele ya ghorofa lililobonyezwa na tetemeko kama mkate uliokaliwa, kiongozi alipogeuka kutafuta wa kuingia, macho yote yalimwangukia yeye.

"Mzee yuko hai," kiongozi alisema. "Friji imembana mguu. Mtundikie dripu kwanza, tusije tukaiinua friji na sumu ya mguu uliobanwa ikamwingia mwilini. Halafu sukuma mfuko wa hewa chini ya friji, sisi huku tutaujaza. Ukisikia filimbi ndefu, toka. Usiulize, toka."

Binti wa mzee alisimama pembeni na redio ya mkononi. Alikuwa amesomea udaktari wa meno kwao Sindano, na lugha yao ilimkaa vizuri. Yeye ndiye angekuwa mkalimani.

"Baba ana utani mwingi," alisema, sauti ikimkatika. "Usimshangae."

Sindano akajipenyeza kwa tumbo. Zege lilimkwaruza mgongo, na kila alipovuta pumzi kifua kilikwama. Jasho jembamba likamtoka. Alishaingia mashimo mengi ya namna hii na hakuwahi kuyazoea. Alimkuta mzee amelala ubavu jikoni kwake, uso umejaa vumbi kama aliyemwagiwa unga. Akautafuta mshipa kwa taa ya kofia, akaupata, dripu ikaanza kushuka. Mzee akamshika kifundo cha mkono.

Ndipo ardhi ikatikisika tena. Nondo zikalia, kokoto zikammiminikia shingoni, na huko nje filimbi ikapulizwa, ndefu.

Sindano alisahau uuguzi, akasahau hata jina lake. Alivuta mkono, mzee hakuachia. Akavibandua vidole vya mzee kimoja kimoja, cha mwisho kwa nguvu, akarudi kinyumenyume huku analia, mpaka jua likampiga usoni.

Binti alimtazama, kisha akalitazama tundu nyuma yake. "Umemwacha?"

"Ni amri yangu," kiongozi aliingilia. "Angebaki, ningemfukuza kikosini."

Lakini Sindano alijua moyoni kwamba hakutoka kwa amri. Angetoka hata bila filimbi.

Ardhi ilipotulia, mafundi walizikagua nguzo za mbao walizoegemezea dari, wakaongeza nyingine. "Nani anaingia?" kiongozi aliuliza, safari hii bila kumtazama mtu.

Sindano alilitazama tundu. Sasa hakuogopa zege peke yake. Aliyaogopa macho ya mzee.

"Mimi," alisema, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie.

Mzee alikuwa bado anapumua. Sindano hakuweza kumwangalia. Akaisogeza mdomoni redio aliyoivaa kifuani. "Mwambie anisamehe."

Maneno yakapita kutoka kwa binti kwenda kwa baba. Mzee akakohoa, au alicheka, akajibu taratibu. Redio ikakoroma.

"Anasema, angekuwa na miguu yote miwili angekutangulia."

Kicheko kilimtoka Sindano pamoja na machozi. Akausukuma mfuko mahali pake, akatoa taarifa. Hewa ikaingia, friji ikainuka kidogo, ikainuka tena. Juu yao zege likalalamika. Akafumba macho, akamvuta mzee mpaka kwenye machela, wenzake wakaivuta kwa kamba, naye akaisukuma kutoka nyuma, akihesabu kila pumzi kuwa ya mwisho.

Mguu madaktari waliuokoa, ingawa goti halikukunjika tena. Lakini hayo yalijulikana baadaye. Siku ile, mlangoni mwa gari la wagonjwa, binti alimgeukia.

"Nisingekuwa nimesimama pale, ungerudi?"

Sindano angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemlaumu. "Sijui," alijibu. "Niliogopa sana."

 Binti akampangusa vumbi kwenye kope kwa mkono wa gauni lake, akapanda kukaa na baba yake.