Goti la Lorine

Mwalimu Wechuli ndiye aliyemfundisha Lorine voliboli, kwenye uwanja wa vumbi wa shule moja ya msingi mtaani Manyatta, Kisumu, na raba zake za kwanza alimnunulia yeye. Miaka ishirini baadaye Lorine alikuwa mchezaji wa kulipwa Uturuki, na figo za Mwalimu zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa ilibidi asafishwe damu kwa mashine. Bima ililipa sehemu tu. Malipo yaliyobaki aliyabeba Lorine, wala hakuona kama anatoa msaada. Baba mzazi hakumjua. Alimjua Mwalimu.

Desemba alipopata likizo fupi, alifika nyumbani kwa Mwalimu.

"Hebu tembea mpaka mlangoni, urudi," Mwalimu alimwambia hata kabla chai haijamiminwa.

"Mwalimu, mimi nimekuja kukujulia hali."

"Tembea, Lorine."

Akatembea. Mzee alikuwa amebaki mifupa, lakini jicho lake lilikuwa lilelile, nalo lilifuata goti la kushoto.

"Linauma tangu lini?"

Hakuwahi kumdanganya mtu huyu. Akamweleza kwamba daktari alitaka kulipasua tangu Machi. Akipasuliwa angekaa nje msimu mzima, na klabu isingemwongezea mkataba. Basi kabla ya kila mechi alidungwa sindano ya ganzi, akaingia uwanjani.

"Na kwa nini usipumzike?"

Lorine akaitupia jicho kadi ya kliniki iliyokuwa mezani. Mwalimu akaelewa, akaitia kadi mfukoni. Mkewe, Mama Sylvia, alipoleta ugali na samaki, waliongea habari za mvua.

Februari, Lorine akiwa kambini, simu ililia. Ilikuwa Mama Sylvia.

"Mwalimu ametuacha asubuhi hii."

"Si alikuwa anaenda hospitali?"

"Alikuwa akitoka na kadi yake kila siku ya kliniki, mimi nikienda sokoni Kibuye. Kumbe alikuwa anaenda kukaa pale uwanjani, anatazama wasichana wakicheza. Wiki mbili, Lorine! Alipovimba miguu akaniambia ni chumvi. Tulipomkimbiza, maji yalikuwa yamejaa kifuani."

Walimzika kwao, Bungoma. Baada ya mazishi Mama Sylvia alimvuta Lorine nyuma ya jiko.

"Usiku ule wa mwisho alisema, 'Mwambie Lorine akatibiwe goti.' Sikuelewa. Ulimwambia nini mume wangu?"

Lorine alimweleza yote. Mama Sylvia aliuachilia mkono wake. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Ungemdanganya," alisema. "Mara hiyo moja tu."

"Sikuweza, Mama."

"Najua." Akainuka kwa shida, akarudi kwa wageni.

Mwezi uliofuata Lorine alipasuliwa goti katika hospitali moja ya Kisumu. Daktari alikuja kumwona akiwa bado kitandani. Gegedu, ile nyama ngumu inayozuia mifupa isisuguane, ilikuwa imesagika yote, alisema. Angetembea vizuri, huenda hata angepanda ngazi bila maumivu, lakini mambo ya kuruka ayasahau.

"Na kama ningekuja Desemba?"

Daktari alipekua picha za goti.

"Hata Desemba," alisema, "tayari ungekuwa umechelewa."

Lorine aligeukia ukutani, akauma shuka ili wagonjwa wenzake wasimsikie.