Lori Ng'ambo ya Mto

Mafuriko yalipolifunika bonde la Usangu, shirika alilofanyia kazi Faustina pale Uyole lilifunga kifaa kipya kwenye kila lori la misaada. Akiwa ofisini aliona kwenye kompyuta lori lilipo. Likikaribia mahali lilipotumwa, mfumo wenyewe uliandika kwamba mzigo umefika, na wenyeji wakatumiwa ujumbe kwenye simu.

Mchana ule lori la Jailos liliandikwa limefika. Lilibeba unga na maharage ya watu waliokimbilia shule moja huko mbele ya mji mdogo wa Ubaruku. Faustina akashusha pumzi. Mara simu ikaita.

"Dada, ni Nyamizi." Huyu alikuwa mama wa Kisukuma, ndiye aliyewasemea wenzake pale shuleni. "Tumepata ujumbe chakula kimefika. Kimefika wapi? Sisi hatujaona kitu."

Faustina akampigia dereva.

"Niko ukingoni mwa mto," Jailos alisema. "Daraja limeondoka na maji. Shule naiona, na watu wananipungia mikono. Nifanyeje?"

Mfumo ulikuwa umepima umbali tu. Habari ya mto haukuijua. Faustina akampigia bosi wake, Liberatus, aliyekuwa Iringa, akamwomba boti.

"Boti nimeiomba," Liberatus alisema alipompigia baadaye, kwa sauti ya kuchoka. "Wenye boti wameangalia kwenye mfumo, wakaniambia hao wa shuleni wameshapata. Imepelekwa kwingine."

"Basi turekebishe kwenye mfumo, tuandike hakijafika."

"Hata mimi sina ruhusa ya kugusa. Nimewaandikia makao makuu. Tusubiri."

Jioni Nyamizi akapiga tena. "Dada, lori linageuza. Mwambie asituache."

Faustina alikuwa akiliona kwenye kompyuta, likirudi polepole kuelekea Ubaruku. "Maji yamefika kwenye matairi, mama. Akibaki atasombwa."

"Watoto wameshaliona. Niwaambie nini?"

Nyamizi akasema chaji inaisha, kisha simu ikakatika.

Boti ilipatikana baada ya siku kadhaa, maji yalipoanza kupungua. Jailos alivuka nayo na magunia machache, akakuta madarasa matupu. Kwenye baraza alikuwepo mzee mmoja tu, Ngolo, amevimba miguu, amejifunika turubai.

"Wenzako wako wapi?" Jailos alimuuliza.

"Walichoka kungoja. Wamekwenda upande wa milimani, wanatafuta pa kula. Mimi sikuweza kutembea. Walisema watanirudia."

Jailos na mwendesha boti walimpakia kwenye boti. Faustina alikuwa amefika Ubaruku kuwapokea, na tangu asubuhi alikuwa akiipiga namba ya Nyamizi bila kuipata. Alimpa mzee uji. Ngolo alikishika kikombe bila kunywa.

"Wakirudi wakanikosa, nani atawaambia niko huku?" aliuliza.

Faustina akakaa chini kando yake. Akaipiga tena namba ya Nyamizi.