Amelala Tangu Jana

Simu ya Hashim ilimkuta Phelista kanisani Kanduyi, mhubiri akiwa katikati ya mahubiri yake juu ya miungu ya kuchongwa. Watu walikuwa wakicheka. Mhubiri alikuwa amewauliza ni mungu gani huyo anayefunikwa shuka alale, kisha mtu aje kumwamsha kama mwanafunzi wa bweni. Phelista hakucheka. Alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kihindu huko Kitale, na katika nyumba hiyo jambo hilo lilifanyika kila siku baada ya chakula cha mchana.

Alitoka nje, akasimama kando ya ukuta. Hashim alikuwa dereva wa mama huyo, na mtandao ulikuwa unakatikakatika. Phelista alisikia jina la Ba, ndivyo wote walivyomwita mama yule, kwa kuwa kwao Ba ni mama. Akasikia hospitali. Halafu akasikia vizuri kabisa: "Amelala tangu jana."

"Amerara? Amerara namna gani?" Phelista aliuliza kwa lafudhi ya kwao.

"Amelala, dada. Njoo haraka." Simu ikakatika.

Kanisani kwao, mzee akitajwa kwamba amelala, hakuna anayeuliza ataamka saa ngapi. Watu huanza kutafuta turubai na viti. Peris, dada yake, alipotoka kumwangalia alimkuta ameketi chini, leso mdomoni. Kabla ibada haijaisha, kina mama wa ushirika walikuwa wameambiana kwamba yule mama Mhindi wa Phelista amelala, na mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli wale huchomwa.

Njia nzima hadi Kitale Phelista aliogopa. Aliogopa kwamba Ba alikufa peke yake, kwa kuwa yeye aliomba ruhusa kwenda nyumbani. Zaidi ya hapo aliogopa mahali Ba alikokwenda. Miaka yote alikuwa akimwombea mama huyo kila alfajiri, kwa sauti, chumbani kwake nyuma ya jikoni, lakini hakuwahi kumwambia neno moja la wokovu. Aliona haya. Sasa muda ulikuwa umepita.

Alipofunguliwa mlango wa wodi, Ba alikuwa ameketi kitandani. Nywele nyeupe zimefumuka, mdomo umefungwa kabisa, macho mazima, yanamtazama.

Phelista alishika ukingo wa mlango. Hashim alimvuta nje, na alipoelewa kilichotokea nusura acheke.

"Nani alisema amekufa? Thakorji, yule sanamu wake, ndiye amelala."

Hapo ndipo alipoelezwa yote. Jumamosi mchana Ba alikuwa amemlisha Thakorji, akamlaza, akafunga pazia. Kisha, kabla hajala chake, akaanguka mlangoni mwa jikoni. Sukari ilikuwa imeshuka. Hashim alimbeba hadi kwenye gari. Tangu hapo Ba hakutia kitu mdomoni, na sindano ya dripu alikuwa ameing'oa mwenyewe. Muuguzi alisema akiendelea hivyo atazimika tena, na safari hii huenda asirudi. Kirit, mwanawe aliye ng'ambo, alikuwa amempigia akimsihi ale hadi sauti ikamkauka. Familia za Kihindu ambazo Ba aliziamini zilikuwa Eldoret kwenye harusi, hakuna aliyeshika simu.

Phelista hakuhitaji kuuliza kwa nini Ba hali. Thakorji alikuwa sanamu ndogo ya shaba, mungu Krishna akiwa mtoto anayetambaa, donge la siagi mkononi. Ba alimlea kama mama anavyolea. Alimwogesha, alimvika, alimlisha, alimlaza mchana, na jioni alimwamsha kwa kengele. Chakula cha Ba kilikuwa kile tu kilichowekwa kwanza mbele ya mtoto huyo. Mtoto akiwa bado hajala, mama anakulaje?

"Wewe Hashim hukuweza kumwamsha?" Phelista aliuliza.

"Mimi kwa hilo nitafutie mtu mwingine, dada. Gari naendesha, mzigo nabeba. Hilo, hapana." Kisha akajaribu kumtania kidogo, kama kawaida yao. "Na wewe unaogopa nini? Hata jina lake unasema Takolji. Shetani akikusikia hatajua unamwita nani."

Phelista aliingia kwa Ba. Ba alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa jasho.

"Yeye iko peke yake," Ba alisema. "Tangu jana. Iko giza, iko njaa. Wewe nakwenda, beta, mtoto yangu. Hapana gusa yeye. Piga kengele tu, fungua pazia, weka maziwa. Halafu lete hiyo maziwa kwangu."

Phelista alitaka kusema kwamba Mungu wake yeye halali wala hahitaji maziwa. Lakini aliona midomo ya Ba inatetemeka, akasema atakwenda.

Nyumbani, Hashim alibaki kwenye gari. Chumba cha ibada kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kwa miaka yote Phelista alikuwa amekitazama kutoka mlangoni tu, akiwa na ufagio au sinia, na hakuwahi kuvuka kizingiti. Ba hakumtaka avuke, na yeye mwenyewe hakutaka.

Alikumbuka namwima ya babu yake, kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya boma, ambamo wazee waliwawekea mababu chakula. Watoto walikatazwa kuchungulia ndani. Siku baba yake alipookoka alikichoma moto, na Phelista alisimama mbali akingoja kitu kitoke mbio ndani ya moshi. Hakikutoka kitu. Lakini hofu ile ya kungoja haikumtoka.

Alikwenda jikoni kwanza, apashe maziwa. Yalibaki kidogo kwenye jagi. Alimimina karibu yote kwenye sufuria, akaweka sukari, akaponda iliki, akakoroga. Kisha, kama anavyofanya kila mpishi duniani, alichota kijiko akaonja.

Sukari ilikuwa sawa. Ndipo akagundua amefanya nini.

Katika nyumba ile chakula hakionjwi. Ba alikuwa amemfundisha hivyo tangu mwanzo: mpishi hupima chumvi kwa jicho, kwa sababu mtoto ndiye anayekula kwanza. Kilichoguswa na ulimi wa mtu kinakuwa makombo, hakiwekwi mbele yake. Phelista alisimama na kijiko mkononi. Jikoni hamkuwa na mtu. Hashim alikuwa nje na redio yake. Ba hangejua kamwe, na sanamu ni shaba tu. Alijiambia hivyo kwa sauti, shaba tu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Kama ni shaba tu, mbona alikuwa ametazama mlangoni kabla ya kulisema?

Alimwaga maziwa yote kwenye sinki. Akaosha sufuria kwa majivu na maji, akaisuuza. Kwenye jagi yalibaki maziwa ya kujaza nusu kikombe, basi. Aliyapasha, akakaza midomo, akapima sukari kwa jicho.

Alivua viatu akavuka kizingiti. Chumba kilinuka udi wa sandali na maua yaliyoanza kuoza. Pazia jekundu lilining'inia mbele ya kisanduku kidogo, limetulia. Alimwomba Yesu amfunike. Alimwomba asimhesabie dhambi. Akachukua kengele, na ilipolia aliruka kana kwamba imepigwa na mwingine.

Ba husema maneno yake ya kumwamsha, na Phelista aliyajua, lakini hakuthubutu kuyatamka. Hakuthubutu pia kunyamaza. Akasema yale ambayo angemwambia mtoto wa mtu yeyote.

"Amka, mtoto. Mama yako hajala."

Akavuta pazia. Mtoto wa shaba alikuwa kwenye kitanda chake kidogo, shuka hadi kifuani, macho yaliyopakwa rangi yako wazi. Yalikuwa yanamtazama yeye. Aliweka kikombe mbele yake, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akageuza uso ukutani kama Ba alivyokuwa akifanya, ili mtoto ale bila kutazamwa. Nyuma ya mgongo wake hapakuwa na sauti yoyote. Aliona afadhali pangekuwa na sauti.

Hospitalini Ba alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Alimtazama Phelista usoni.

"Wewe naonja?"

"Ya kwanza nilionja, Ba. Nikayamwaga. Haya sijaonja."

Ba akanywa, polepole, hadi tone la mwisho, akakubali na dripu. Muuguzi alienda kuileta karibu anakimbia. Hashim alimgeukia Phelista akamwambia amefanya kazi.

Walipotaka kuondoka Ba alimwita tena. Sauti sasa ilikuwa na nguvu. Mtoto ameamka, alisema, na mtoto hawezi kuachwa macho nyumba tupu. Alazwe.

Basi akarudi. Mchana bado ulikuwa mweupe, jua limejaa ukumbini. Alivua viatu, akafunga pazia bila kuangalia, akatoka, akaketi sakafuni nje ya mlango. Sasa alitaka kuomba. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu wake siku ile, kuhusu kengele, kuhusu maziwa, kuhusu neno lile mtoto. Kwao huombwa kwa sauti kuu, mikono juu, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyoomba maisha yake yote. Akainua mikono, akaanza.

Alikuwa ametamka jina la Bwana mara moja tu aliposikia jinsi sauti yake ilivyojaa nyumba. Akanyamaza. Akatazama mlango. Kisha akaendelea kuomba kwa kunong'ona, na mwili mzima ukamsisimka kwa hofu, kwa kuwa hakujua ni nani aliyekuwa akichelea kumwamsha.