Mzee Machage Kwenye Mchoro wa Nne

Jumatatu saa tatu asubuhi, Lilian Machage alifungua kompyuta katika chumba alichopanga nyuma ya stendi ya Tarime, akaendelea na sura ya pili ya mwongozo. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa Kiswahili jinsi mawakala wa akili unde, yaani programu zinazofanya kazi mtandaoni kwa niaba ya mtu, wanavyotumia chombo kipya cha kupiga picha ukurasa uliofunguliwa kwenye kivinjari. Wakala hana macho. Hupiga picha, akaisoma, ndipo akajua abonyeze wapi. Lilian alikuwa amefika kwenye picha ya ukurasa mzima, akahitaji mfano wa ukurasa mrefu.

Akachukua ule uliomnyima usingizi wiki mbili: orodha ya kaya za Susuni zinazopitiwa na barabara mpya. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa mama yake, Rhobi. Nyumba: moja. Zizi: moja. Makaburi: sifuri. Mwisho wa kupinga ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Kaburi lililoandikwa lingehamishwa kwa heshima, ndugu wakiwepo. Lisiloandikwa lingepitiwa na greda.

Baba yake alizikwa mlangoni mwa zizi kama wazee wengine wa ukoo wao, bila saruji wala msalaba, maana mwenyewe alitaka ng'ombe wapite juu yake asubuhi na jioni. Walipita miaka kumi na mmoja, pakawa tambarare. Wapimaji walikuwa wanahesabu saruji. Rhobi aliwaonyesha mahali kwa mkono, wao wakaandika walichokiona.

Picha ilipotoka, baba yake, Mzee Machage, alikuwa amesimama kwenye mstari wa kumi na saba, ndani ya koti lake la kaki, akielekeza kidole kwenye ile sifuri. Kwenye kivinjari chenyewe hakuwepo. Lilian alifuta kumbukumbu ya kivinjari, kama mwongozo unavyoagiza, akapiga tena. Mzee alikuwepo, na kola ameirekebisha.

Alimwagiza wakala aeleze anachoona. Wakala akajibu kwamba ukurasa una jedwali la kaya sitini na kwamba kwenye mstari wa kumi na saba amesimama mzee. Akaongeza kuwa mzee huyo habonyezeki.

Lilian aliiweka picha hiyo kuwa mchoro wa nne, na chini yake akaandika: "Picha inaweza kuonyesha waliozikwa katika eneo linalohusika. Hii si hitilafu." Nelson, msimamizi wake aliyekuwa Mwanza, aliisoma jioni hiyo. Aliomba tu picha ipunguzwe uzito, inachelewa kufunguka.

Jumanne wakatokea wazee wengine watatu, kila mmoja kwenye mstari wake. Jumatano walikuwa kumi na wanne, wanawake watano kati yao. Lilian aliwasalimia aliowafahamu. Fomu ya pingamizi ilikuwa inadai picha ya kaburi lenye saruji au alama ya kudumu, na kila mara wakala alipoijaza kwa niaba ya Rhobi, ilikataliwa.

Alhamisi aliichapisha picha ya baba yake, akaenda nayo ofisi ya mradi. Ofisa, kijana aitwaye Faraji, aliitazama kwa muda.

"Huyu si mzee Machage? Alikuwa anamletea marehemu baba yangu ngozi pale sokoni." Akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Basi andika moja," Lilian alisema.

"Dada, picha imemwonyesha yeye. Fomu inataka kaburi."

Lilian alimuuliza kama wakimwaga saruji usiku huo itatosha. Faraji alisema tarehe ya uhakiki imeshapita, saruji mpya haihesabiwi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Lilian zaidi. Alitoka pale na picha yake.

Ijumaa tangu asubuhi wakala alibonyeza kitufe cha kutuma pingamizi. Alibonyeza mara mia mbili na sita, na kila mara alipiga picha kama alivyofundishwa. Mzee aliacha mstari wake akashuka taratibu, picha hadi picha, akiwapita wenzake. Saa nane na dakika hamsini alikuwa amefika kwenye kitufe. Kwenye picha ya mwisho alikuwa amekiwekea kiganja, anakisukuma kwa uzito wake wote. Saa tisa kamili kitufe kikageuka kijivu.

Greda lilipita Jumamosi kabla ya saa nne. Rhobi alikuwa amewashika ng'ombe upande wa pili ili wasione. Jumatatu mwongozo ulitolewa, mchoro wa nne ukiwemo, na Nelson akaandika kuwa wateja wameusifu.

Siku hiyohiyo Rhobi alifika Tarime kwa bodaboda, akaomba amwone mumewe. Lilian akampigia picha mpya. Mzee alikuwa amesharudi kwenye mstari wake, amesimama wima, anasubiri. Rhobi alimsalimia kwa Kikurya, akamweleza habari za ndama na za mvua, kisha akamgeukia Lilian.

"Yeye anatuona?"

Lilian alimweleza kwamba chombo huchukua tu kilichoko kwenye ukurasa, na aliye ndani ya picha hawezi kuona wala kusikia chochote cha huku. Anajua kilichoandikwa pale tu. Rhobi alilifikiria jambo hilo, huku akikung'uta vumbi kwenye kitenge chake.

"Basi usimwambie kwamba wameshapita," alisema.