Dawa za Njiti

Nyumbani wananiita Pipa. Si jina la kuzaliwa. Nimepewa na ndugu zangu, wale wale wanaoapa kwamba wananipenda. Pacha wangu wa kiume wanamwita Njiti. Tumetoka tumbo moja siku moja, mimi nikamtangulia kidogo, na mpaka leo, tukiwa watu wazima wenye mvi, mama husema nilikuwa namnyang'anya chakula tangu tumboni. Kila akisema wanacheka upya.

Mezani mambo yalikuwa hivi: paja la kuku na ngozi yake yote iliyokaangwa lilikuwa la Njiti, "ashike mwili." Mimi nilipewa kabichi. Njiti alikula ngozi ile akinitazama, akijilamba vidole. Mshenzi kweli.

Siku zahanati ilipotangaza vipimo vya bure, mama alinipeleka mimi. Njiti alitusindikiza tu, lakini Njiti na vya bure hawapishani, naye akanyoosha mkono akapimwa. Majibu yalipotoka, yangu yalikuwa safi. Ya Njiti yalikuwa mabaya: presha juu, mafuta kwenye damu juu. Akapewa dawa dirishani na kuambiwa amuone daktari wiki inayofuata.

Tulipofika nyumbani mama akaweka zile karatasi mbili mezani, akanitazama mimi, akamtazama Njiti, kisha akazibadilisha: yangu kwa Njiti, ya Njiti pamoja na dawa zake kwangu.

"Wamekosea," akasema. "Foleni ilikuwa ndefu, manesi wamechoka."

"Mama, jina lake si hilo hapo limeandikwa?" nikamuuliza.

"Mwenye macho haambiwi tazama. Mafuta yatoke wapi kwa huyu? Hata jasho hana!"

Njiti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika, nikasema hayanihusu. Mama akaanza kulia. Baba yetu alianguka ghafla akifunga viatu, hakuamka tena, na tangu hapo mama akilia hakuna anayeshindana naye. Nikazimeza zile dawa. Za Njiti, asubuhi na jioni, kwa maji. Kwa daktari hakwenda mtu: Njiti alihesabiwa mzima, na mimi nilijijua sina ugonjwa.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Haikuchukua muda nikaanza kuona giza kila nilipoinuka. Siku moja nikaanguka pale pale mezani, pasi ikalala juu ya shati la mteja na kulitoboa mgongoni. Tajiri wangu alipiga kelele kwa ajili ya shati kwanza, halafu ndipo akanipeleka zahanati.

Nesi alinifunga mkanda wa kupimia presha mkononi, akapima, akapima tena. "Presha yako iko chini mno. Unameza nini?"

Nikamtolea kopo la dawa kwenye pochi.

"Hizi ni za nani?"

"Za pacha wangu."

"Na yeye anameza nini?"

"Ngozi ya kuku," nikasema.

Sikuwa natania, na yeye hakucheka. Alinipa maji, akaninyanyua miguu mpaka kizunguzungu kikapungua, kisha akanirudishia kopo, akasema, "Mlete ndugu yako. Leo hii, si kesho."

Njiti ni fundi rangi. Nilimkuta ghorofa ya pili ya nyumba mpya, juu ya ngazi, anapaka dari.

"Shuka!" nikamwambia.

"Lo, Pipa! Nikushikie ngazi au umekuja kuivunja?"

"Shuka, nimesema!"

Alishuka, lakini alishuka kama mzee, akakaa juu ya ndoo ya rangi. Chumba kilikuwa na baridi ya saruji mbichi, naye jasho lilikuwa likimtiririka. Akasema ni kiungulia, kimemshika tangu asubuhi, na mkono wa kushoto unamuuma kwa sababu ya dari. Njiti hapaki rangi kwa mkono wa kushoto. Niliogopa, naapa. Kisha nikamgeuzia mgongo, nikambeba, nikashuka naye ngazi za ghorofa mbili mpaka barabarani kwenye teksi. Hakuna aliyecheka unene wangu siku hiyo.

Hakufa. Daktari wa hospitali alitueleza kilichompata kesho yake, mbele ya kitanda, mama akiwa amekumbatia bakuli la chakula.

"Mafuta haya hayakai chini ya ngozi ili watu wayaone," alisema. "Yanaingia kwenye ukuta wa mshipa. Presha inaupiga ukuta ule kila moyo unapodunda, unachubuka, mafuta yanapenya, yanajenga gamba. Jana gamba limepasuka, na damu ikaganda juu yake kama inavyoganda kwenye kidonda. Njia ikaziba. Sehemu ya moyo iliyokosa damu imekufa, na hiyo hairudi."

"Lakini ni mwembamba," mama akasema, kwa sauti ndogo.

"Unene una madhara yake, mama. Lakini wembamba si kinga. Wengine hurithi. Baba yao alikuwaje?"

Baba alikuwa mwembamba kuliko Njiti.

"Ngazi basi," daktari akamwambia Njiti. "Kazi ya juu usiifanye tena. Na kama ungekuwa unameza dawa ulizopewa, huenda tusingefika hapa."

Akaondoka. Mama akafunua bakuli. Ndani mlikuwa na paja la kuku, na ngozi yake. Alilitazama, akalifunika tena, akaliweka sakafuni, mbali.

"Nimemlisha mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Nilikuwa na maneno, jamani. Nilikuwa na maneno ya maisha yangu yote, nimeyapanga tangu kwenye teksi. Nikafungua mdomo.

"Dada," Njiti akasema.

Tangu utotoni hakuwahi kuniita hivyo. Midomo yake ilikuwa mikavu, na mkono wake umelazwa juu ya shuka, kiganja juu.

"Dada, nirudishie dawa zangu."

Nikafungua pochi.