Sufuri za Mbele

Tiii. Kisha kimya. Tiii tena, kutoka stoo, ambako hakukuwa na mtu.

"Kisilu, umesikia?" Muthoki aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa mkubwa wangu katika ofisi ya mbegu hapa Sultan Hamud, na asubuhi hiyo ya Oktoba 1998 alikuwa anakagua marekebisho niliyofanya kwenye programu yetu. Alikuwa ameyachapa kwenye karatasi, kalamu nyekundu mkononi.

"Ni panya, dada."

"Panya wa stima?"

Nilikasirika. Kazi yangu ilikuwa safi! Orodha ya anwani, yaani namba za kuita kompyuta zetu za hapa na za vituoni, ilikuwa imepinda kwenye skrini, namba fupi hapa, ndefu pale, nami niliyejifundisha mashairi peke yangu sivumilii mistari isiyolingana. Nikajaza sufuri mbele, kila namba iwe na tarakimu tatu. Kituo cha Kalamba, namba 7, kikawa 007. Zombe, 12, ikawa 012. Nikajaribu Kalamba, ikajibu papo hapo. Nikatangaza nimemaliza.

Lakini tangu jana Zombe ilikuwa kimya kila nilipoiita, hata asubuhi hiyo. Lori la mbegu lilikuwa liondoke saa nane mchana. Bila orodha ya wakulima wa Zombe, lingeondoka bila magunia yao, na mvua ilikuwa karibu.

"Ita Zombe tena," Muthoki akasema.

Nikabonyeza. Tiii.

Tukatazamana. Nikaingia stoo. Nyuma ya magunia ya ndengu, kompyuta kuukuu ya kufundishia ilikuwa inawaka: *ombi la orodha limepokelewa*. Kibandiko chake kilisema 10.

"Naita kumi na mbili, inaitika kumi!" Hasira iliniisha, sasa nilitaka kujua tu. "Kwa nini?"

"Namba ikianza na sufuri," Muthoki akajibu mlangoni, "programu hii huihesabu kwa mafungu ya nane, si ya kumi. Hiyo moja yako ni fungu moja. Ongeza mbili."

"Nane na mbili... kumi." Nikaketi. "Na Kalamba?"

"Saba haijajaza fungu. Ndiyo maana ilikudanganya." Akacheka. "Kamwana, kijana wangu, umeiandikia kompyuta shairi."

"Ikalisoma vibaya."

"Ililisoma vile ulivyoandika."

Nikaziondoa sufuri. Nikapanga mistari kwa nafasi tupu, kwenye skrini pekee. Anwani zenyewe sikuzigusa. Muthoki akanifanya niite vituo vyote kumi na vinne, kimoja kimoja. Zombe ikaleta majina mia mbili na sita. Ilikuwa saa saba na nusu.

Bado hakutia sahihi kwenye karatasi ya marekebisho. Akanisukumia simu. Kwetu, aliyekosea hupiga mwenyewe.

Nikampigia mzee Ndeti, msimamizi wa wakulima wa Zombe, nikamweleza yote.

"Yaani tungekosa mbegu kwa sababu ya urembo?"

Maneno ya kujitetea yalinijaa mdomoni. Nikayameza.

"Ndiyo, mzee. Magunia yenu yanapakiwa sasa hivi. Na nakuahidi: siku nitakapoigusa programu hii tena, nitaijaribu Zombe kwanza, kabla ya Kalamba, wewe ukiwa kwenye simu ukinisikia."